Mtoto Asiyecheza

Somo: 1 Wafalme 19:1-8

Wapendwa, tulipokimbia Buluk wakati wa mapigano ya Juba, Julai 2016, tulidhani watoto wadogo hawaelewi. Lakini mtoto wa miaka 5 aliacha kucheza, akaanza tena kukojoa usiku, chakula hakitaki. Tulimwita mkaidi. Tulimchapa, Bwana atusamehe. Kumbe alikuwa na huzuni, na hakuwa na maneno ya kuieleza.

Eliya alipoomba afe, hakukemewa. Alilala, akapewa mkate na maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili, ndipo safari. Basi tumlishe mtoto, alale karibu nasi, tusimkataze kulia. Asiyeweza kusema, achore hata mchangani. Hali ikipita wiki mbili, tumpeleke kliniki, huku tukiomba.