Mlango wa Kizazi Hulainikaje Wakati wa Ujauzito?

Mama mmoja mkazi wa Kiseke alifika kliniki akiwa na mimba ya wiki 11. Kabla ya hapo alikuwa amepoteza mimba mbili katika mwezi wa tano, zote bila uchungu wa kueleweka: uzito kidogo kiunoni, majimaji ukeni, kisha mtoto. Majirani walimwambia ni ndoo za maji alizokuwa akipandisha mlimani. Yeye aliniuliza swali lililo bora kuliko mengi ninayoulizwa darasani: “Daktari, huo mlango hujuaje kwamba muda bado?”

Wengi hudhani mlango wa kizazi ni msuli unaobana. Sivyo. Mwaka 1947 daktari David Danforth wa Marekani alionesha kwamba mlango huo, tofauti na mwili wa mfuko wa uzazi, umejengwa zaidi kwa tishu unganishi. Misuli laini ni sehemu ndogo tu. Uimara wake watokana na nyuzi za kolajeni, hasa za aina ya I na ya III, zilizofungamana kwa vifungo vya kikemikali. Katikati ya nyuzi hizo mna protini zilizoshikana na sukari, ziitwazo proteoglikani. Mojawapo, dekorini, husaidia kuziweka nyuzi katika mpangilio wake.

Mabadiliko huanza mapema mno kuliko watu wanavyodhani. Wakunga hufundishwa kwamba mlango wa asiye mjamzito, ukiguswa, ni mgumu kama ncha ya pua, na wa mjamzito ni laini kama mdomo. Tafiti, nyingi zikiwa za panya, zaonesha sababu: kolajeni ya zamani huondolewa polepole, na mpya inayowekwa huwa na vifungo vichache zaidi. Hata hivyo mlango hubaki umefunga. Ulaini na kufunguka ni mambo mawili, na homoni ya projesteroni ni miongoni mwa vinavyoyatenganisha.

Karibu na kujifungua huja hatua ya kuiva. Asidi ya haialuroni huongezeka, huvuta maji, na nyuzi zilizobanana hutengana, kama kamba iliyolegezwa misokoto yake. Prostaglandini hushiriki, pamoja na vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni. Kwa binadamu kiwango cha projesteroni katika damu hakishuki kabla ya uchungu, kama kinavyoshuka kwa kondoo. Kinachobadilika ni jinsi tishu zinavyoiitikia. Ndiyo maana nawasihi kina mama wasinywe mitishamba ya kuharakisha uchungu: mfuko ukikazwa kwa nguvu ilhali mlango haujaiva, mtoto huweza kukosa hewa na mfuko wenyewe kupasuka.

Sasa turejee kwa mama yetu. Kwake tishu zilikuwa zikilegea mapema, na ndoo hazikuwa na hatia. Hata kulala kitandani miezi yote, ushauri unaotolewa mara nyingi, hakujathibitika kuzuia hali hiyo. Kinachosaidia ni kupima. Kwa altrasaundi ya ukeni, mlango wenye urefu wa milimita 25 au pungufu kabla ya wiki 24 huashiria hatari ya kuzaa njiti, na projesteroni ya kuwekwa ukeni hupunguza hatari hiyo. Kwa mwenye historia kama yake, hufikiriwa kuushona mlango kwa uzi imara, kwa njia aliyoieleza Ian McDonald wa Australia mwaka 1957. Tulimshona katika wiki ya 13.

Hapa niongeze jambo ambalo husahaulika. Mwanamke aliyewahi kukatwa sehemu ya mlango kwa matibabu ya dalili za awali za saratani amwambie mkunga katika hudhurio la kwanza kabisa, maana tishu iliyobaki huweza kuwa fupi. Matibabu hayo huokoa maisha, na asiyaogope. Taarifa tu ndiyo inayotakiwa.

Uzi ulitolewa wiki ya 37. Siku tisa baadaye uchungu ulianza usiku, na alipofika wodini njia ilikuwa imefunguka sentimita sita. Alijifungua mtoto wa kike. Wiki ya sita baada ya uzazi nilimpima: mlango ulikuwa umefunga, mgumu tena kama ncha ya pua. Aliponiuliza kama kweli kolajeni yote ile imejengwa upya, nilimwambia ndiyo, sehemu kubwa, na kazi ilianza mara tu baada ya kujifungua.