Kisu cha Kukunja au Kifaa cha Funguo? Ushauri kwa wananchi wa Kasulu na Kibondo

Anayetaka kisu cha kutembea nacho mfukoni hukuta aina mbili. Ya kwanza ni kisu cha kukunja, chenye bapa moja linaloingia ndani ya mpini. Ya pili ni kifaa cha funguo, kidude cha urefu wa kidole kinachoning'inia pamoja na ufunguo wa pikipiki, chenye kisu kidogo, mkasi, tupa ya kucha, bisibisi na pengine kifungua soda. Kwa maoni yetu, mkulima wa nyanda hizi anafaidika zaidi na kile cha bapa moja, kwa sababu ni rahisi kukinoa na kukiosha.

Anza na kazi yako

Kukata kamba za magunia ya maharage, kumenya mihogo, kukata pingili za kupanda: kazi hizi zinataka bapa la sentimita 7 hadi 10 na mpini unaojaa kiganjani. Bapa la kifaa cha funguo lina sentimita 4 hivi, nacho hushikwa kwa ncha za vidole. Mkono ukilowa, kinateleza.

Mwendesha bodaboda na fundi simu wana hesabu nyingine. Skrubu ya kioo cha pembeni ikilegea njiani, bisibisi iliyopo kwenye funguo ina thamani kuliko kisu kikubwa kilichobaki nyumbani. Jeshi la Uswisi lilipowapa askari wake kisu chenye zana nyingi mwaka 1891, lilitaka waweze kufungua kopo la chakula na skrubu za bunduki. Kukata hakukuwa kazi yake pekee, na hadi leo vifaa vya ukoo huo hufaa zaidi kwa kazi ndogondogo.

Kagua kufuli kabla ya kulipa

Vifaa vingi vya funguo hushikilia bapa kwa springi tu. Ukisukuma kwa ncha, bapa linaweza kujikunja juu ya vidole vyako. Kisu cha Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa soko la makoloni yake ya Afrika, kina kufuli. Opinel cha Ufaransa kilipata pete ya kufungia bapa mwaka 1955. Mbele ya muuzaji, fungua kisu, ondoa vidole kwenye njia ya bapa, kisha bonyeza mgongo wake juu ya meza. Likijikunja, kirudishe.

Kisu na mnyauko wa migomba

Hapa tunaomba usome taratibu. Mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001 na Kagera mwaka 2006. Kakonko, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo hadi mwaka 2012, inapakana na Kagera. Majani hunyauka na kuwa ya njano, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa na rangi ya kahawia, na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Usaha huo ukibaki kwenye kisu, mgomba unaofuata unaambukizwa na mkono wa mwenye shamba mwenyewe.

Kisu cha kukunja huficha utomvu kwenye bawaba na ndani ya mpini. Kifaa cha funguo ni kibaya zaidi, maana kila zana ina pango lake. Kwa hiyo visitumike kabisa migombani. Tumia panga au kisu kisichokunjwa, na kabla ya kuhamia mgomba mwingine kipitishe motoni mpaka kisishikike kwa joto, au kiloweke kwenye jiki, sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji. Ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda, kwa kulizungusha hadi likatike, bila chuma chochote.

Kama kisu cha kukunja kimeshagusa utomvu, kifungue chote, kisugue kwa mswaki na sabuni, kitie jiki, kisuuze, kikaushe, kisha tone la mafuta kwenye bawaba. Usikichome: mpini wa plastiki utayeyuka na springi italegea.

Makali

Kisu butu huumiza zaidi, kwa sababu unakilazimisha. Bapa refu hukaa vizuri juu ya kinoo. Lile dogo la funguo ni gumu kulishika kwa pembe moja.

Kutembea nacho

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza kutembea hadharani na silaha kwa namna ya kutia watu hofu bila sababu halali. Kisu cha shamba kikae shambani au ndani ya mkoba; usiende nacho kilabuni, uwanja wa mpira wala kwenye mkutano wa hadhara. Usimwachie mtoto funguo zenye kisu achezee. Na ukipanda ndege Kigoma, weka vyote viwili kwenye begi linalokabidhiwa kwenye mizigo, hata kile kidogo cha funguo, maana ni rahisi kusahau kwamba nacho ni kisu.