Dawa ya Tezi na Moyo wa Mtoto

Shingoni mwa kila mtu kuna tezi. Tezi hiyo hutoa homoni. Homoni hiyo huuamrisha mwili kufanya kazi haraka au polepole.

Chakula kikikosa madini joto, tezi huvimba. Huo ni ugonjwa wa rovu, au goita. Tule chumvi yenye madini joto ili tuuzuie.

Tezi ya mtu ikitoa homoni kidogo mno, au ikiondolewa kwa upasuaji, daktari humpa vidonge vya thairoksini. Vidonge hivi humsaidia sana mgonjwa. Lakini mtoto akimeza vingi, ni hatari.

Fikiria maksai wanaolima Katesh au Dongobesh. Ukiwaharakisha kupita kiasi, watahema na kutoka jasho. Moyo wa mtoto huharakishwa vivyo hivyo. Hudunda mbio, na mara chache hupoteza mpangilio wake. Mtoto hutoka jasho, hutetemeka, hutapika, huhara, hupata homa au hukosa usingizi.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: dalili huchelewa. Mwili huibadilisha thairoksini polepole kabla haijafanya kazi kwa nguvu. Leo mtoto anacheza. Baada ya siku chache moyo unakwenda mbio. Basi usiseme, "Amepona, turudi shambani."

Mtoto akimeza vidonge hivi, fanya haya:

1. Usimtapishe.
2. Hesabu vidonge vilivyobaki.
3. Mpeleke mara moja zahanati au hospitali, hata kama anacheza. Chukua na chupa au pakiti ya dawa.
4. Mweleze mganga ni vingapi na amemeza saa ngapi.
5. Mrudishe siku utakazoambiwa.

Watoto wengi hupona wakiangaliwa vizuri. Moyo ukienda mbio mno, daktari anayo dawa ya kuupunguza mwendo.

Kama mtoto wako mwenyewe ameandikiwa thairoksini, mpe kipimo kilichoandikwa. Usimwongezee ili akue upesi. Usimwachishe bila kumwuliza daktari.

Weka dawa juu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Usiziite peremende mbele ya watoto.

Maswali
1. Kwa nini mtoto anayecheza apelekwe hospitali?
2. Taja dalili nne za dawa kuzidi.
3. Nyumbani kwako dawa zinawekwa wapi? Je, mtoto anazifikia?