Kaunti 46 na Ramani Yenye Rangi: Jinsi ya Kusoma Matokeo ya Mchujo wa Chama

Kenya ina kaunti 47. Jimbo la South Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani, lina kaunti 46. Ukaribu huo wa hesabu unalifanya jimbo hilo kuwa darasa zuri kwa mwananchi anayetaka kuelewa namna matokeo ya mchujo wa chama yanavyosomwa kaunti kwa kaunti, na makosa ambayo wengi hufanya wanapoyasoma.

Somo lenyewe si la Wamarekani pekee. Kila msimu wa uteuzi wa vyama unapowadia hapa nchini, picha za ramani zilizopakwa rangi husambazwa kwenye simu kabla hata ya maafisa kumaliza kujumlisha kura. Mwaniaji mmoja anaonekana "amezoa" wadi saba kati ya kumi. Wafuasi wake wanaingia barabarani kusherehekea, kisha usiku wa manane mpinzani anatangazwa mshindi. Hapo ndipo mawe hurushwa na matairi huchomwa. Mara nyingine kura huwa zimeibwa kweli. Mara nyingine hakuna aliyeiba chochote, ila ramani ilisomwa vibaya.

Tuanze na Jumamosi ya Januari 26, 2008. Siku hiyo wapiga kura wa chama cha Democratic jimboni South Carolina walichagua kati ya Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, Hillary Clinton na John Edwards. Obama alipata karibu kura 295,000, sawa na asilimia 55. Clinton alipata takriban 141,000, yaani asilimia 26, na Edwards karibu 94,000, yaani asilimia 18. Ukitazama ramani ya kaunti, picha ni ya mtu mmoja: Obama aliongoza katika kaunti 44 kati ya 46. Clinton alishinda Horry, iliyo pwani na yenye mji wa kitalii wa Myrtle Beach. Edwards alishinda Oconee, kaunti iliyo kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya jimbo. Kuhusu Oconee, hakuna haja ya kuita mtaalamu. Edwards alizaliwa Seneca, mji ulio katika kaunti hiyo. Kura ya nyumbani tunaijua vizuri hata huku.

Sasa linganisha ramani na hesabu. Obama alishinda asilimia 96 ya kaunti, lakini kura zake zilikuwa asilimia 55. Edwards alishinda kaunti moja tu, ilhali karibu mtu mmoja kati ya kila sita alimpigia kura. Kura hizo zilikuwa zimetawanyika kote jimboni, na katika kaunti nyingi alikuwa wa pili au wa tatu. Ramani haimwonyeshi mtu wa pili. Inapaka rangi ya aliyeongoza, awe ameongoza kwa kura elfu kumi au kwa kura kumi.

Kilichotolewa siku ile, hata hivyo, hakikuwa kaunti wala kura zenyewe. Kilikuwa wajumbe, yaani watu wanaotumwa kwenye mkutano mkuu wa chama kumwidhinisha mgombea wa urais. South Carolina ilikuwa na wajumbe 45 wa kugawanywa kulingana na kura hizo. Obama alipata 25, Clinton 12 na Edwards 8. Mtu mwenye kaunti moja kati ya 46 aliondoka na wajumbe wanane kati ya 45.

Kanuni ya chama hicho ni kwamba wajumbe hugawanywa kwa uwiano wa kura, mradi mwaniaji afikishe angalau asilimia 15. Sehemu moja ya wajumbe hugawanywa kwa kura za jimbo zima. Sehemu nyingine hugawanywa kwa kura za kila eneo la uwakilishi katika Bunge la Congress, maeneo ambayo mipaka yake hukata katikati ya kaunti bila kujali. Soma tena sentensi hiyo utafute neno "kaunti" kama kitu kinachoamua. Halipo. Kaunti ndiko kura zinakohesabiwa, kwa kuwa kila kaunti ina bodi yake ya usajili wa wapiga kura na uchaguzi, na ndiyo sababu matokeo hutolewa kaunti kwa kaunti. Lakini mshindi wa kaunti, kwa kushinda kaunti pekee, hapewi chochote.

Mchujo wa Februari 29, 2020 unalionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Joe Biden aliongoza katika kaunti zote 46. Ukiangalia ramani yake utadhani hakuna mwingine aliyegombea. Hata hivyo, alipata chini ya asilimia 49 ya kura, maana yake zaidi ya nusu ya waliopiga kura walimtaka mtu mwingine. Watu hao wengine waligawana. Bernie Sanders alipata karibu asilimia 20, na Tom Steyer, tajiri aliyekuwa amemwaga pesa nyingi katika kampeni za jimbo hilo, akapata takriban asilimia 11. Kwa sababu ya kile kizingiti cha asilimia 15, Steyer hakupata hata mjumbe mmoja, na usiku uo huo akajiondoa kinyang'anyironi. Wajumbe 54 waligawanywa hivi: Biden 39, Sanders 15. Kura zilizoenda kwa waliobaki chini ya kizingiti hazikupotea kwenye kitabu cha matokeo, ila kwenye kugawa wajumbe hazikuhesabika.

Chama kingine, kanuni nyingine. Republican wa South Carolina hawagawani kwa uwiano. Kati ya wajumbe 50, mwaniaji anayeongoza jimbo zima huchukua 29, na anayeongoza katika kila moja ya maeneo saba ya Congress huchukua watatu. Februari 20, 2016, Donald Trump alipata asilimia 32.5 ya kura, yaani wapiga kura wawili kati ya kila watatu hawakumchagua, na bado akachukua wajumbe wote 50. Marco Rubio aliongoza katika kaunti mbili, Richland na Charleston. Kaunti hizo si ndogo. Richland ndiko uliko mji mkuu wa jimbo, Columbia, na Charleston ni jiji la bandari. Lakini hakuongoza katika eneo lolote la Congress, kwa hiyo akarudi mikono mitupu. Tukiweka matokeo ya 2008 na ya 2016 pamoja, mwenye kaunti mbili alipata sufuri na mwenye kaunti moja alipata wanane. Tofauti haikuletwa na wapiga kura. Ililetwa na kanuni zilizoandikwa kabla ya siku ya kura, na mwananchi asiyezisoma mapema hana namna ya kujua kama ameonewa au la.

Je, basi ramani ya kaunti haina faida? Inayo, na tena kubwa, ila si ya kumtafuta mshindi. Inafaa kuonyesha nani anapendwa wapi. Januari 21, 2012, katika mchujo wa Republican, Newt Gingrich alishinda kaunti 43. Mitt Romney alipata tatu: Richland, Charleston na Beaufort, kaunti ya pwani yenye kisiwa cha Hilton Head ambako wastaafu wengi wenye uwezo wamehamia. Miaka minne baadaye Rubio alishinda mbili kati ya hizo tatu. Februari 24, 2024, Nikki Haley, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo hilo, alishindwa na Trump kwa takriban asilimia 40 dhidi ya 60. Kaunti alizoshinda zilikuwa tatu: Richland, Charleston na Beaufort. Wagombea watatu tofauti katika miaka tofauti, na kaunti zile zile. Hapo ramani inasema jambo ambalo jumla ya kura haiwezi kulisema, kwamba ndani ya chama kimoja kuna watu wa mjini na wa pwani ambao kila mara huvuta upande wao. Kwa Haley kulikuwa na faida ndogo ya ziada. Kura za pwani zilimpa ushindi katika eneo la kwanza la Congress, akapata wajumbe watatu. Trump alichukua 47.

Kuna jambo la ukubwa ambalo ramani hulificha pia. Katika sensa ya 2020, kaunti ya Greenville ilikuwa na watu zaidi ya 525,000 na ya Allendale ilikuwa na 8,000 hivi. Kwenye ramani zote mbili ni vipande vya rangi. Hapa kwetu, sajili ya wapiga kura ya 2022 ilikuwa na watu 2,415,310 Nairobi na 81,453 Lamu, tofauti ya karibu mara 30. Nairobi kwenye ramani ya Kenya ni kama punje ya mtama, na Marsabit inajaza kaskazini nzima.

Hesabu ndogo ya kubuni itasaidia. Tuseme wadi tatu zinapiga kura za mchujo wa chama. Katika wadi ya kwanza, mwaniaji A anapata kura 500 na B 400. Katika ya pili, A anapata 400 na B 300. Katika ya tatu, iliyo na soko na mitaa yenye watu wengi, A anapata 2,500 na B 3,500. A ameshinda wadi mbili kati ya tatu. Mtu akichukua asilimia za A katika kila wadi, azijumlishe na kugawanya kwa tatu, atapata asilimia 51.5 na ataapa kwamba A ameibiwa. Lakini kura za A kwa jumla ni 3,400 na za B ni 4,200. A ana chini ya asilimia 45. Asilimia za vituo au wadi haziwekwi pamoja namna hiyo. Kinachojumlishwa ni kura. Na kama wadi mbili ndogo zitatangaza matokeo saa tatu usiku, huku ile kubwa ikingoja hadi saa tisa, A ataongoza kwa saa sita nzima bila yeyote kufanya hila.

Ni haki kutaja kwamba Kenya ina mahali ambapo kaunti huhesabiwa kweli, tofauti na South Carolina. Kwa mujibu wa Kifungu cha 138 cha Katiba, anayechaguliwa kuwa Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Katika sharti hilo la pili Lamu ni sawa na Nairobi. Mwaka wa 2022, kulingana na matokeo yaliyotangazwa, William Ruto alifikisha asilimia 25 katika kaunti 39 na Raila Odinga katika 34. Angalia kwamba jumla ya 39 na 34 ni 73, ilhali kaunti ni 47. Hakuna kosa. Sharti si kushinda kaunti bali kufikisha robo ya kura zake, na kaunti moja inaweza kuwapa robo watu wawili au hata watatu. Sharti hili ni la urais peke yake. Gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wadi huchaguliwa kwa wingi wa kura tu.

Onyo jingine kutoka South Carolina linawahusu wanaodhani kwamba mshindi wa mchujo tayari ameshaapishwa. Watu Weusi ni karibu robo ya wakazi wa jimbo hilo, lakini walikuwa zaidi ya nusu ya waliopiga kura katika mchujo wa Democratic wa 2008. Ramani ya mchujo basi ni ramani ya chama, si ya jimbo. Obama wa kaunti 44 aliporudi kwa wapiga kura wote Novemba mwaka huo alishindwa South Carolina. John McCain alipata karibu asilimia 54 jimboni humo, ingawa Obama ndiye aliyeshinda urais. Biden naye, mshindi wa kaunti zote 46, alishindwa jimboni humo Novemba 2020 na akaingia Ikulu ya Marekani vilevile.

South Carolina haiandikishi wapiga kura kwa vyama. Mpiga kura yeyote aliyesajiliwa anaweza kushiriki mchujo wa chama akipendacho, mradi asipige katika michujo yote miwili. Kenya ni kinyume. Chama kinapotumia uteuzi wa moja kwa moja, wanaopiga kura ni wanachama walio katika sajili iliyoidhinishwa na Msajili wa Vyama vya Siasa. Anayetaka kushiriki hukagua uanachama wake mapema, na atakayekuta ameandikishwa katika chama asichokijua ana haki ya kujiondoa.

Mwaniaji asiyeridhika na matokeo huanza kwa kulalamika katika kamati ya chama chake ya kutatua mizozo. Asipotosheka huenda kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa. Huko haulizwi ramani. Anaulizwa karatasi: kituo kipi, kura ngapi, wakala wake alitia sahihi wapi, na jumla ya vituo inatofautianaje na jumla iliyotangazwa.