Shaka kama Suala la Usomaji: Mfano wa Augustino wa Hippo

Wanafunzi wengi huingia chuo kikuu na imani waliyorithishwa nyumbani na kanisani. Muda si muda hukutana na falsafa, sayansi, na riwaya kama Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, ambamo msomi Kazimoto anahoji maana ya maisha hadi anajitoa uhai. Maswali yakianza, baadhi huyaficha kwa kuogopa kuitwa waasi. Wengine huiacha imani kimyakimya, bila hata kumdokezea mzazi. Makala hii inakusudia kuchunguza safari ya Mwafrika mmoja ambaye hakuyaficha maswali yake wala hakukomea kwayo.

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Mamaye, Monika, alikuwa Mkristo wa dhati. Akiwa na umri wa miaka 19, akisomea balagha mjini Carthage, alisoma kitabu cha Cicero kilichomtia ari ya kuitafuta hekima. Akaifungua Biblia, ikamwia duni. Ikumbukwe kwamba tafsiri za Kilatini za wakati ule zilikuwa na lugha ya mkwaruzo, naye alikuwa amelelewa katika ufasaha. Hivyo basi, kikwazo chake cha kwanza kilikuwa cha kimtindo.

Ndipo alipojiunga na Wamanikei, wafuasi wa Mani wa dola ya Uajemi. Hao walimwahidi ukweli unaothibitishwa kwa akili, si kwa kuamini tu. Waliyakejeli maisha ya mababu wa Agano la Kale, wakauliza kama Mungu ana nywele na kucha. Aidha, walidai kwamba uovu ni nguvu inayopigana na wema tangu mwanzo. Augustino alikaa nao kwa takriban miaka tisa. Hapa pana jambo ambalo, kwa maoni yangu, halisisitizwi vya kutosha: hakuwa ameacha kuamini. Aliihamisha amana yake tu, kutoka kwa mama hadi kwa walimu wapya.

Walimu hao nao aliwahoji. Aliona kwamba wanajimu waliweza kukokotoa siku ya kupatwa kwa jua, ilhali maandishi ya Mani kuhusu anga hayakuafikiana na hesabu hizo. Akaambiwa amngoje Faustus, askofu wao mashuhuri. Faustus alipofika, alikuwa na ulimi mtamu, lakini alikiri kwamba hakuwa na majibu. Augustino alimheshimu kwa unyofu huo, ila hamu yake ya mafundisho yale ikafifia. Shaka iliyomtoa kanisani ndiyo iliyomtoa na huko.

Mwaka 384 alikwenda Milan kufundisha balagha. Huko alimsikiliza Askofu Ambrosi akihubiri, awali kama mhakiki anayepima ufasaha wa mzungumzaji. Polepole maudhui yakapenya pamoja na mtindo. Ambrosi alizifasiri habari za Agano la Kale kwa kutumia sitiari na taashira (wakati mwingine kupita kiasi, mtu angeweza kusema), na Augustino akatambua kwamba alichokuwa akikipinga miaka yote si mafundisho ya Kanisa bali taswira zake mwenyewe za kitoto. Vitabu vya wafuasi wa Plato vikamsaidia kumwaza Mungu asiye na mwili, na kuuona uovu kama upungufu wa wema.

Hata hivyo, kuelewa hakukutosha. Akili ilikwisha kuridhika huku nia ikisitasita, kwani aliogopa kuyaacha mazoea yake. Mwaka 386, bustanini, alisikia sauti ya mtoto akaichukulia kama amri ya kusoma. Akazifungua nyaraka za Paulo, na msukosuko ule ukatulia. Alibatizwa na Ambrosi wakati wa Pasaka ya mwaka 387, na mamaye alikufa mwaka uo huo.

Imani aliyoirudia haikuwa ile aliyoiacha. Maungamo yake, aliyoanza kuyaandika yapata mwaka 397 akiwa tayari askofu, yamejaa maswali: kumbukumbu ni nini, wakati ni nini? Na yapata miaka mitatu kabla ya kufa kwake mwaka 430, aliketi akavipitia upya vitabu vyake, kimoja baada ya kingine, akionyesha alipokosea.