Upole wa Mzazi kwa Mtoto Aliye Taabuni

Somo letu leo ni juu ya mtoto aliyepatwa na mazito. Na tutazame Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Victoria, kaunti zilizo miongoni mwa zenye maambukizo mengi zaidi ya virusi vya Ukimwi katika Kenya. Huko wako watoto waliozaliwa navyo, nao hawana budi kutumia dawa kila siku. Kwa dawa hizo mtoto hukua na kusoma kama wenziwe. Akiziacha, virusi hurudi na nguvu.

Siku moja mtoto huuliza: "Mbona mimi nameza dawa, na ndugu zangu hawamezi?" Mzazi akimkemea au akimdanganya, mtoto hudhani ana jambo la aibu, na pengine akazitupa kwa siri. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto wa umri wa shule aambiwe hali yake, na aliye mdogo zaidi aambiwe kidogo kidogo, kwa kadiri ya akili yake.

Basi nasi watu wa pwani, watoto wetu wakitujia na mazito yao, ya maradhi au ya chuoni, tukae nao, tuwasikilize kwanza, kisha tuwaambie kweli kwa upole. Ukali humfunga mtoto mdomo, haumtui mzigo.