Maziwa ya Mama na Madhara ya Ulevi

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, yampasa kila mwanamume mwenye mke anyonyeshaye alifahamu somo hili. Kwani mtoto ni amana, na atakayeulizwa habari ya amana ni yule aliyepewa kuichunga.

Huenda msomaji akauliza: Jambo hili lamhusu nini Mwislamu, na hali ulevi ni haramu kwake? Jawabu: Uharamu huo umo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90, wala hapana asiyeujua. Lakini kujua kuwa kitu ni haramu si kuyajua madhara yake yote. Wako wanywao tembo kwa siri, na wako wanaodhani kuwa kileo kidogo ni dawa ya kuongeza maziwa. Dhana hiyo ni ya kale, tena imeenea mbali. Huko Marekani, tangu mwaka 1895, kiwanda cha bia cha Anheuser-Busch kiliuza kinywaji kiitwacho Malt-Nutrine, kikasifiwa kuwa chawafaa akina mama wanyonyeshao. Basi na itazamwe kweli yake.

Kwanza: Kileo hakikai tumboni mwa mama. Huingia katika damu, na kutoka damuni hupita hata maziwani pasipo kizuizi. Huzidi baina ya nusu saa na saa moja baada ya kunywewa, na kikinywewa pamoja na chakula hukawia kidogo. Kukamua maziwa na kuyamwaga hakukiharakishi kutoka. Hutoka kadiri damu isafikavyo, yapata saa mbili au tatu kwa kinywaji kimoja, na zaidi kwa vingi. Na ini la mtoto mchanga halina nguvu za kukiondoa kama la mtu mzima.

Pili: Kileo hakiongezi maziwa, bali huyapunguza. Mwaka 1991 wataalamu Julie Mennella na Gary Beauchamp wa Philadelphia waliwapa akina mama maji ya machungwa, siku moja matupu na siku nyingine yametiwa kileo. Siku ya kileo harufu ya maziwa ilibadilika, na watoto walivuta kwa bidii mwanzoni, lakini walipata maziwa machache. Ikabainika baadaye kuwa kileo huipunguza homoni ya oksitosini, nayo ndiyo isukumayo maziwa yatoke. Basi mama huona titi limejaa, akadhani dawa imefaa; kumbe maziwa yamezuiwa.

Tatu: Ulevi wa kudumu huharibu ukuaji. Mwaka 1978 matabibu wa Marekani waliandika habari ya mtoto mchanga ambaye mama yake alikunywa bia nyingi kila juma. Mtoto alinenepa uso na mwili, lakini kimo chake hakikuongezeka ipasavyo. Mama alipoacha, mtoto akaanza kurefuka.

Tanbihi: Mwanamke aliyekwisha kunywa asiambiwe amwachishe mtoto ziwa, kwani maziwa yake ni bora kuliko badala yake. Na atubu, angoje hata kileo kimtoke ndipo anyonyeshe, wala asilale na mtoto kitanda kimoja hali amelewa. Na wa nyumbani wamsaidie, wasimfedheheshe.

Amma mume, na aisome aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara. Humo mmetajwa kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na chakula na mavazi ya mama yamewekwa juu ya baba. Maziwa huongezwa kwa mtoto kunyonya mara kwa mara, na mama kula vyema, kunywa maji na kupumzika. Basi mume apelekaye fedha yake kwa mgema, na nyumbani mkewe anyonyesha kwa njaa, hata kama mke huyo hakuonja tone la tembo, ulevi umekwisha kumfikia mtoto.

Wallahu aalam.